Ndizi za Msiba

Wahenga hawakusema kwamba kuugua ni aibu. Walichokikemea ni kuficha. Anayeficha ugonjwa hudhani analinda heshima yake, kumbe anaupa ugonjwa nafasi ya kukua, na siku ukijitokeza hauchagui wageni. Muulizeni Rwekaza wa Muleba, kama bado ana uso wa kuwajibu.

Rwekaza alikuwa mkulima mwenye jina. Kibanja alichorithi kwa baba yake kiliwanyima usingizi majirani wenye wivu: migomba minene, mibuni chini yake, maharage katikati, na nyasi zimetandazwa shina kwa shina. Kwa hiyo mkoa ulipopanga kurudisha ndizi mezani baada ya ugonjwa wa mnyauko kuzimaliza, na kikao kuitishwa Bukoba ili kila kata itaje kibanja kimoja safi cha kutoa miche kwa kaya zake zote, wa kata yake hawakuhangaika kufikiri. Rwekaza alisimama mwenyewe.

"Kibanja changu hakijui mnyauko," alisema, akapigiwa makofi.

Alikuwa anadanganya. Upande wa bondeni, nyuma ya zizi, majani yalikuwa yamekwisha kulegea na kugeuka njano. Mnyauko hauna dawa. Mgomba ulioupata hung'olewa shina zima na kufukiwa, na panga lililougusa huchomwa moto kabla ya kugusa mwingine. Lakini yeye ang'oe migomba inayowafunika babu zake makaburini, watu wakipita wanaona? Heri afe! Akawa anakata majani yaliyonyauka alfajiri na kuyafunika kwa nyasi. Wakaguzi walipokuja, aliwazungusha upande wa barabarani, akawakirimu kahawa, nao wakaondoka wakimsifu.

"Baba Alexander, mwambie Ephrasia," mkewe Joviana alimsihi. Ephrasia alikuwa afisa ugani wa kata. "Kazi yake ndiyo hiyo."

"Unataka nichekwe?"

Tena zaidi ya mwaka kabla ya kikao hicho, dalili za kwanza zilipoonekana, Kemilembe, mjane wa jirani, alikuwa amekuja kuomba machipukizi. Kwa desturi yao miche haiuzwi, na jirani hanyimwi. Kumnyima kungezua maswali. Rwekaza alimchimbia, moyo ukimsuta na mkono ukiendelea.

Ikabaki wiki moja miche igawiwe kata nzima, mama yake Rwekaza akafariki dunia. Wazo la kwanza lililomjia halikuwa la mama. Lilikuwa la ndizi za kuwalisha waombolezaji, na mpaka leo akilikumbuka hutamani ardhi immeze. Haraka haraka akataka kumtuma mtu sokoni. Baba yake mdogo, mzee Ishengoma, akamzuia.

"Ndizi za kununua? Mama yako azikwe kwa ndizi za sokoni na kibanja hiki kimesimama? Unataka kuuvua nguo ukoo?"

Basi akakata mikungu ya upande wa barabarani, akijifariji kwamba huko bado kuzuri. Majirani nao wakaja na yao, ndiyo ada ya msiba. Kemilembe alifika na mkungu kichwani, mkungu wa kwanza kutoka kwenye machipukizi yale, amenyoosha shingo kwa fahari.

Wanawake waliketi kumenya. Kisu kilipopasua ndizi ya Kemilembe, ndani ilikuwa ya kahawia kama chuma chenye kutu.

"Maawe! Kemilembe, umetuletea nini msibani?"

"Nisameheni, waitu, jamani," mjane alisema. "Sikujua. Labda sikuitunza vizuri."

Rwekaza alikuwa amesimama karibu, pamoja na wanaume. Neno moja lingemwokoa yule mama. Hakulisema. Alitazama viatu vyake, akamwacha mjane aombe radhi kwa kosa lisilo lake.

Joviana ndiye aliyeinuka. Aliuvuta mkungu wa nyumbani, akapasua ndizi moja, akapasua ya pili. Kutu ile ile. Alikwenda hadi alipo mumewe, mbele ya mchungaji na ukoo mzima, akamwekea ndizi ile kiganjani.

"Waambie Kemilembe alipewa wapi miche."

Ephrasia, aliyekuja kuhani, aliuliza kwa upole, na upole huo ulimchoma Rwekaza kuliko tusi. "Tata Rwekaza, ulijua?"

"Nilijua."

"Na wiki ijayo ungewagawia watu wote?"

Mzee Ishengoma aligeuza uso pembeni. Siku hiyo waombolezaji walikula ugali, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona.

Baada ya mazishi migomba iling'olewa safu kwa safu, hadi kaburi bichi la mama likabaki juani, likionekana kutoka barabarani. Ugawaji ukaahirishwa mpaka miche safi ipatikane kutoka kituo cha utafiti cha Maruku. Kaya zilizokuwa zimeandaa mashimo zikarudi kununua unga.

Rwekaza alikwenda kwa Kemilembe kumsaidia kung'oa, panga mkononi, macho chini. Alitarajia matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Mjane akanyoosha kidole kuelekea mafigani, moto ulipokuwa ukiwaka.

"Lichome kwanza," alisema.

Rwekaza alichuchumaa akalitia panga motoni, machozi yakimtoka, na safari hii hakuyaficha. Hakika, mficha maradhi kilio humfichua.