Pimbi, Mbogo na Timu ya Kokoto

Hapo kale, si kale ile ya mababu wa mababu bali kale ya runinga zenye kisogo kirefu, palikuwa na mji wa wanyama wenye kibanda kimoja tu cha gemu. Kibanda kilikuwa cha Bi Kanga, mjane mwenye madoadoa na sauti kali. Ndani mlikuwa na runinga, mashine ya zamani, kaseti ya mpira wa miguu, pedi mbili za vitufe za kuchezea na vigoda viwili.

Wapo wanaoisimulia habari hii wakisema aliyetenda alikuwa Sungura. Si kweli. Sungura siku zile alikuwa amehamia kwa wakwe zake. Aliyetenda alikuwa Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, akaaye kwenye nyufa za mawe.

Sheria za kibanda zilikuwa mbili. Aliyefungwa anainuka, aliyefunga anabaki kitini. Hiyo aliiweka Bi Kanga. Ya pili, mwenye umbo kubwa ndiye anayechagua timu kwanza. Hiyo waliiweka wenye maumbo makubwa, na walipoulizwa sababu walijibu kuwa ni heshima.

Basi siku zote Twiga alichukua timu ya Minazi, kwa kuwa wachezaji wake walikuwa warefu. Duma alichukua Radi, kwa kuwa walikuwa na mbio. Mbogo, mkubwa wa mji, alichukua Ngome, kwa kuwa walikuwa na vifua vipana na yeyote waliyemgusa alianguka. Kila mmoja alitafuta timu inayofanana naye, akaketi kujitazama kama mtu aliye mbele ya kioo.

Kokoto ilibaki mwisho. Wachezaji wake walikuwa wafupi, jezi zao rangi ya udongo, na kipa wao hakuufikia mwamba wa goli hata akiruka. Hiyo ndiyo aliyoachiwa Pimbi, na watu wakacheka kwamba timu imempata mwenyewe.

Sasa mtu akiachiwa kitu kimoja, hukijua. Pimbi aliijua Kokoto kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Alijua kwamba Minazi ukiwapitishia mpira chini, katikati ya miguu, wanageuka polepole kama mlango wa ghala, na wakimaliza kugeuka wewe umeshafunga. Alijua kwamba Radi wanakimbia mpaka wanaupita mpira wenyewe. Ukisimama ghafla, wao wanaendelea hadi nje ya uwanja.

Lakini Ngome! Kwa Ngome, Kokoto hawakuwa na njia. Wakipita chini wanapigwa bega, wakisimama wanapigwa bega, wakikimbia wanapigwa bega. Pimbi hakuwahi kuifunga Ngome hata mara moja.

Na Mbogo alichezaje? Alicheza kwa ukwato. Ukwato wake mmoja ulifunika vitufe vyote vya pedi, kwa hiyo alivibonyeza vyote kwa pamoja, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Bahati yake, Ngome ni timu isiyoharibiwa na mchezaji wa namna hiyo. Inachotaka ni kusukuma, naye alisukuma. Mbogo hakulijua hilo. Alidhani ni nguvu za shingo yake.

Sikilizeni sasa ugomvi ulivyoanza.

Mbele ya nyumba ya Pimbi palikuwa na jiwe pana lililotazama mashariki. Pimbi asipoota jua asubuhi, mwili wake haufunguki. Miguu inakuwa mizito, na watoto wanatetemeka hawawezi kwenda kutafuta majani. Jiwe lile ndilo lililokuwa jiko lao, blanketi lao na afya yao.

Asubuhi moja Mbogo akaja akajikunia mgongo pale. Kwaru, kwaru, kwaru. Watoto wa Pimbi wakatawanyika kama punje zilizomwagika. Jiwe likamkuna vizuri mno, akatangaza kwamba kuanzia siku ile ni lake.

Pimbi akatoka akamwamkia. "Shikamoo, Mzee Mbogo. Hilo ni jiwe letu la kuotea jua."

"Marahaba. Jua liko kila mahali, Pimbi. Nenda ukaote kwingine."

"Mawe nayo yako kila mahali, Mzee."

"Lakini mgongo wangu umelipenda hili."

Pimbi akajua kwamba kwa ubishi hataweza, na kwa mapembe hata asijaribu. Akasema basi mambo yamalizwe kibandani kwa Bi Kanga, atakayebaki kitini mashine inapozimwa ndiye mwenye jiwe. Mbogo akacheka hadi inzi wakaruka kutoka mgongoni mwake. Alikuwa amemfunga Pimbi kila walipokutana, akaona ni kama mwizi anayeombwa aje achukue.

"Ila, Mzee," Pimbi akaongeza kwa sauti ya chini, ya mtu anayemwonea mwenzake huruma, "utaanzaje na mimi? Watu watasema umeshindana na kitoto. Mtangulize Twiga, kisha Duma. Wakinishindwa, ndipo wewe uje umalize, kama mkubwa."

Mbogo akaipenda. Akaipenda kiasi kwamba alipofika nyumbani aliisema kama wazo lake.

Mke wa Pimbi alikuwa amesikia yote kutoka kwenye ufa. Alikuwa mama asiyependa maneno mengi. Akamuuliza mumewe kama amewahi kuifunga Ngome.

"Sijawahi."

"Utaifunga kesho?"

"Sitaifunga."

"Basi umewauzia wanao jua lao."

"Mama watoto," Pimbi akasema, "mimi sitacheza na Ngome. Wewe kesho uje kibandani ukae karibu na Mbogo, na lolote nitakalokuambia, uitikie kwa huzuni."

"Huzuni ninayo tayari," mkewe akasema, akaenda kuwafunika watoto.

Kesho yake kibanda kilijaa mpaka wengine wakachungulia madirishani. Bi Kanga akawasha mashine, nayo ikaimba wimbo wake, tiriri, tiriri. Twiga akaketi, shingo yake ikatokea juu ya paa kwa tundu lililotobolewa siku nyingi kwa ajili yake, kwa hiyo ikabidi aitazame runinga kwa kuchungulia chini kupitia tundu hilo. Akachagua Minazi.

Pimbi hakukimbilia pedi. Alisimama mbele ya runinga, akaipapasa picha ya Kokoto kwa kiganja, akanong'ona kitu, akapuliza. Fuuu. Kisha ndipo akaketi. Waliokuwa nyuma wakaangaliana.

Mchezo ukaanza. Minazi wakarusha mpira juu, ukashuka, Kokoto wakauokota chini, ukapita katikati ya miguu, mlango wa ghala ukaanza kugeuka. Chwaa, wavuni. Na tena, chwaa. Kila goli Pimbi aliinuka akaishukuru Kokoto kwa heshima, kama mtu anayemshukuru mganga.

Twiga akafungwa, akainuka. Angeweza kusema kwamba Pimbi anajua kucheza, lakini maneno hayo hayakupita kwenye koo refu namna ile. Akasema timu ile ina dawa.

Duma akaja na Radi. Pimbi akapapasa tena, akanong'ona tena, akapuliza. Radi wakatimka, viii! Kokoto wakasimama. Radi wakapita, wakaupita mpira, wakapita mstari, Kokoto wakafunga, na kamba za goli zikabaki zinacheza zenyewe. Kabla ya mapumziko Duma alikuwa ameanza kuilaumu runinga kwamba ni ndogo kwa mbio zake. Alipofungwa naye akasema vilevile, kwamba timu ina dawa, kila mtu ameona jinsi inavyopulizwa.

Ndivyo walivyokuwa wakubwa wale. Kufungwa na uchawi kuliwauma kidogo. Kufungwa na Pimbi kungewaua.

Mbogo alikuwa nyuma, anatafuna kimya, jicho moja kwa Twiga na jingine kwa Duma. Pimbi akageuka kwa mkewe, aliyekaa karibu na sikio la Mbogo, akamwambia kwa sauti ya kunong'ona ambayo hata waliokuwa madirishani waliisikia, kwamba hawana hofu tena maadamu Kokoto iko mikononi mwao. Mkewe akaitikia kwa huzuni, "Mungu atusaidie isitutoke."

Zamu ya Mbogo ikafika. Akaketi, kigoda kikalia. Hapo Pimbi akamsogelea Bi Kanga akiwa amekunja mikono.

"Bi Kanga, nina ombi. Ile sheria ya mkubwa kuchagua kwanza, kwa leo si tungeiacha? Sote tumeshazoea timu zetu. Mzee ana Ngome yake, nami nina hii yangu."

Bi Kanga hakupata nafasi ya kujibu. Mbogo aliinua kichwa.

"Tuiache kwa nini?"

"Nasema tu, Mzee."

"Husemi tu. Sheria ya heshima, leo ndiyo unaona nzito?"

"Chagua basi, Mzee. Ngome ile pale, inakungoja."

Mbogo akaitazama Ngome. Akaitazama Kokoto, iliyo chini kabisa, na jezi zake za udongo. Miaka yote alikuwa akiitemea mate. Lakini alikuwa ameona kwa macho yake, chwaa na chwaa, Twiga chini, Duma chini, na huyu mdogo anatetemeka asiipoteze.

"Nachukua Kokoto," akasema.

Vichwa vyote vikamgeukia Pimbi.

"Mzee, yoyote ila hiyo."

"Hiyo hiyo."

"Mzee, watoto wangu…"

"Mimi ni mkubwa, au si mkubwa?"

"Mkubwa," Pimbi akakiri, akalia. Machozi yake yalikuwa mepesi, huyapata akiyataka. Mkewe naye akalia, lakini ya kwake yalikuwa ya kweli, maana mpaka hapo alikuwa bado hajajua kama mumewe ana akili au ana wazimu. Pimbi akauliza kwa kwikwi sasa yeye atacheza na ipi.

"Chukua hata Ngome," Mbogo akasema, kama mtu anayemwaga makombo.

Pimbi akafuta macho. Akapanda kigoda, akaiweka pedi mbele yake, akailalia kwa tumbo. Vitufe vyote vikabonyea kwa pamoja.

"Unafanya nini?" Mbogo akauliza.

"Nacheza kama wewe, Mzee."

Filimbi ikalia. Mbogo naye akakandamiza ukwato wake kama alivyozoea, na wafupi wa Kokoto, ambao kazi yao ni kunyatia, kungoja na kuiba, wakaamriwa kusukuma. Wakayavamia mapande yale ya watu vifua mbele. Pu! Mmoja chini. Pu, pu! Wawili chini. Ngome wakatembea juu yao kama watu wanaovuka kijito kwa mawe, wakafika golini. Kipa wa Kokoto akaruka, hakuufikia mpira. Chwaa.

Pimbi, akiwa bado kalala kifudifudi juu ya pedi, akaomba apewe karanga. Mkewe akampa, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Chwaa ya pili. Mbogo akasema pedi ni mbovu. Wakabadilishana pedi. Chwaa. Akasema kigoda kinamkaba. Akaletewa gunia la pumba alikalie. Chwaa. Akajaribu kuipuliza Kokoto kama alivyomwona Pimbi akiipuliza, akapuliza kwa tundu zote mbili za pua, kioo cha runinga kikajaa kamasi, na kwa kuwa hakuwa akiona tena akafungwa mengine mawili. Twiga, kule juu ya paa, alianza kucheka, akajifanya anakohoa.

Filimbi ya mwisho ikalia. Bi Kanga akakung'uta mbawa.

"Aliyefungwa anainuka, Mzee."

"Kanidanganya," Mbogo akasema.

"Kakudanganya nini? Tuambie wote."

Mbogo akafungua mdomo. Aliwaza angesema nini. Kwamba alinyang'anya timu ya mnyonge kwa kuwa aliitamani? Kwamba amefungwa na timu yake mwenyewe, iliyolaliwa kwa tumbo? Akafunga mdomo, akainuka.

Pimbi alishuka kigodani, akamwendea kwa adabu, akasema taratibu, "Mzee, usinikasirikie. Miaka yote ile nilijua kwamba Ngome ndiyo iliyokuwa ikinifunga. Leo nimetaka tu kuhakikisha."

Watu waliokuwa madirishani waliangua kicheko hadi kibanda kikayumba. Mbogo alitoka kwa mlango ule ule mwembamba alioingilia, nao ulimkuna mgongo njia nzima.

Kulipokucha watoto wa Pimbi walipanda juu ya jiwe lao, wakajitandaza kama nguo zilizofuliwa, na jua likawafungua mmoja baada ya mwingine. Mbogo yeye akawa anasema kwamba Kokoto ndiyo timu bora kuliko zote, ila siku ile tu pedi zilimwonea. Aliendelea kuichagua, kwa haki yake ya ukubwa, na akafungwa hata na vifaranga wa Bi Kanga.

Basi watoto, hadithi ilinifikia mpaka hapo, nami sina la kuongeza ila hili: asiyejua kilichompa ushindi hukigawa kwa mkono wake mwenyewe.