Upinde wa Mawe Sita

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na majiko yao, wake zao na majirani wa kugombana nao, Fisi alikuwa na upinde wa magurudumu. Sikilizeni vizuri, watoto, maana hapa ndipo alipopunjwa. Upinde ule ulikuwa na kigurudumu kila ncha. Ukiuvuta, mwanzoni ni mzito. Vigurudumu vikishazunguka, krii, uzito unatoka mkononi, unalenga umetulia kama umeshika kikombe cha uji.

Kigurudumu kimoja kikapasuka, na aliyekitengeneza alishakufa. Nyumbani kuna watoto watano, na kwale wangebaki bondeni wiki moja tu kabla mvua haijawatawanya. Fisi akabeba dumu la asali, akiba yake yote, akaenda sokoni kwa Nyani, fundi wa pinde zisizo na magurudumu, zile zenye ncha zilizopinda kwenda mbele.

"Ule wako ulikuwa mzito kiasi gani?" akauliza Nyani. Nchi ile walipima upinde kwa mawe yaliyoning'inizwa kwenye kamba yake.

"Mawe sita."

"Basi chukua huu, mawe sita. Au dume zima kama wewe nikupe wa kuchezea watoto?"

Desturi ya soko ilikuwa hii: fundi anauvuta upinde mbele ya mnunuzi, na haulegezi mpaka mnunuzi aseme, "Nimeona." Akilegeza kabla, upinde ni mbovu, anauchukua na kurudisha alicholipwa.

Nyani akavuta, fyu. Fisi, kichwa kimevimba kwa sifa, akasema hapo hapo, "Nimeona," akalipa dumu lake la asali.

Nyani alijua. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alijua kwamba wa magurudumu, ukifika mwisho, mkono unabeba jiwe moja na kitu. Huu wake, kadiri unavyovuta ndivyo unavyolemea, na mawe yote sita yanabaki nawe mpaka uachie.

Siku tatu Fisi alirudi mikono mitupu. Akivuta, bega linatetemeka tetetete, mshale unakwenda kwenye vichaka. Akaurudisha sokoni.

"Upinde ni mzima," Nyani akasema. "Kibovu ni mkono wako. Nenda kale ugali."

Ugali wenyewe ulikuwa umekwisha. Jirani yake, Kicheche, alisikia watoto wakilia, akaja kuuliza. Kicheche ni mdogo, ungemtia kwenye kapu la mayai, lakini hasira yake haikuwa na kapu. Akaukwapua ule upinde, akaenda nao sokoni, watu wamejaa.

"Shikamoo, Bwana Nyani. Fisi ananiuzia huu. Ukinipendeza, shemeji zangu ng'ambo ya mto wanataka kumi kama huu."

"Marahaba, Bi Kicheche. Kumi?"

"Kumi. Nivutie, nione."

Nyani akaweka mshale, akavuta mpaka shavuni. Kicheche akasogea, akainama.

"Hii kamba ni ya ngozi au ya katani?"

"Katani. Sema basi."

"Nitasema. Ncha ya juu siioni, mimi mfupi. Ngoja nizunguke."

Akazunguka pole pole. Kiwiko cha Nyani kikaanza, te, te, te.

"Mama, sema hilo neno."

"Neno gani, baba? Nikinunua kumi bila kuangalia, shemeji watanicheka. Mbona unatoka jasho? Si mawe sita tu? Fisi ulimwambia mkono wake ni mbovu."

"Sema, mwanaharamu wewe."

"Bado sijaona."

Tetetete, mkono ukakubali kushindwa. Mshale ukachomoka zwii, ukatoboa kibuyu cha togwa kilichoning'inia juu kwenye boriti, na togwa lote likamwagika, pwaa, kichwani kwa fundi.

Soko zima likasema kwa pamoja, "Kalegeza."

Hakuna aliyecheka kwanza. Walikumbuka pinde za Nyani zilizoning'inia bure majumbani mwao. Nyani akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na dumu la asali, akaliweka chini bila kutazama mtu.

"Sasa nipe ule mrefu, wa mawe manne," Kicheche akasema, "kwa kikombe kimoja cha asali hii. Na huu nitauangalia mpaka nichoke."

Akauangalia kweli. Nyani akavuta, akashikilia, hakutetemeka, mpaka Kicheche aliposema, "Nimeona."

Kicheche alipofika kwa Fisi hakumbembeleza. "Na wewe jirani, siku ya kwanza tu ulijua unakushinda. Ukaona aibu kusema, watoto wakalala njaa. Shika. Vuta, hesabu mpaka kumi."

Fisi akahesabu mpaka kumi na mbili. Jioni ile kwale watatu walikuwa chunguni wakitokota, na Kicheche alikula paja.

Anayekuuzia kitu kwa kukusifu, mwambie kwanza akishikilie yeye.