Shemeji Aliyekuwa Nyumba

Paukwa, nyie mliokaa mkekani.

Pakawa.

Zamani, babu wa babu zetu hawajaota meno, palikuwa na kijiji. Katika kijiji hicho nyumba moja ilizizidi zote kwa uzee. Kuta za udongo, paa la makuti. Aliijenga mtu wa kwanza kufika pale. Wakikaa humo Saburi na mkewe Mwatime.

Siku moja jumbe wa kijiji akaja mlangoni akatoa amri. "Nyumba hii ni ukumbusho wetu. Kisiongezwe kitu. Kisipunguzwe kitu. Ibaki kama ilivyo leo."

Saburi akaona fahari. Lakini siku hiyo ndani alikuwemo Dodo, kaka yake Mwatime, aliyekuja kushinda tu. Jioni Saburi akampa fimbo yake, akamtakia safari njema.

Dodo akajinyoosha kitandani. "Kisipunguzwe kitu, shemeji. Amri imenikuta humu. Nami ni nyumba."

Saburi akaenda kushtaki. Jumbe akafikiri, akafikiri, akasema, "Kweli, alikuwemo."

Basi Dodo akakaa. Akala, akalala. Akala, akalala. Masika yakaingia. Paa likavuja, ndo, ndo, ndo. Ukuta ukafanya ufa. Saburi akigusa kuti tu, Dodo humwambia, "Unabadilisha nyumba, shemeji." Mwatime akawa analala na sinia kichwani. Saburi akimtazama, anataka kulia, anaona haya.

Mwisho akamwendea Bi Shumbana, bibi aliyekuwa akiwaamua watu. Bibi akamchukua jumbe, wakaenda mpaka kitandani kwa Dodo.

"Mwanangu, wewe ni nyumba?"

"Ndiyo, bibi."

"Aliyekujenga alikukandika kila mwaka. Mama yangu alimwona."

"Si kubadilisha huko?" jumbe akauliza.

"Udongo ni ule ule, wa mtoni."

Akachota udongo kwenye kapu alilokuja nalo. Pwata, tumboni. Pwata, mgongoni. Pwata, shavuni. Dodo akajinyoosha tena, mkaidi yule.

"Saburi, lete makuti na sindano. Tumshonee paa kichwani."

Dodo akaruka. Huyoo, mbio, udongo ukimdondoka njiani.

"Nyumba inakimbia," jumbe akasema.

"Hiyo imekimbia," akasema Bi Shumbana. "Hii itatuangukia. Huwaoni hawa wanavyolowa?"

Jumbe akatazama juu. Tone likamwingia jichoni. Akavua kanzu, akaingia kukanyaga udongo. Saburi akapanda paani. Jioni mvua ikapiga, na Mwatime akalala mkavu, akikoroma mpaka majirani wakasikia.

Basi wanangu, mkiachiwa nyumba na wazee, itengenezeni kama walivyoitengeneza wao. Msiiheshimu mpaka ikaanguka.

Ngano yangu imefika ukingoni. Mimi nanyamaza, nyinyi nendeni mkale.