Azimio la Shikamoo

Hapo zamani za kale, lakini si kale mno, maana wanyama walikwisha kuwa na madiwani, na watu wakishakuwa na madiwani ujue vikao vimeanza, palikuwa na mtaa ukiitwa Vichuguu. Sogeeni karibu. Wewe unayechokonoa pua, acha, hadithi haimo humo.

Diwani wa Vichuguu alikuwa Bi Nguchiro. Nguchiro mnamjua? Mwili mrefu, miguu mifupi, na hatulii hata dakika moja. Mama wa watu hakuwa na asubuhi wala jioni. Hajamaliza uji, hodi! Mlangoni yupo Kanga, jirani kamwagia taka uwanjani kwake. Hajaketi, hodi tena! Yupo Bwana Chura, majirani wanalalamika kwamba ngoma zake haziwapi usingizi, na yeye analalamika kwamba majirani hawajui muziki. Bi Nguchiro anawasikiliza wote, anawapatanisha wote, na uji unapoa.

Lakini jambo moja lilikuwa limemshinda, nalo ni barabara.

Barabara ya Vichuguu ilipita katikati ya mtaa. Nyumba upande huu, shule upande ule, na mwisho wake mtoni. Kila asubuhi, saa ile ile ya watoto kwenda shule, wazee watatu walikuwa wakienda kuoga: Mzee Kifaru, Mzee Nyati na Mzee Ndovu. Nimesema kwenda? Walikuwa wakishindana. Wa kwanza anaoga maji safi, wa mwisho anakuta tope. Basi ni tindi! tindi! tindi! Vumbi mpaka jikoni, sufuria zinacheza mekoni, na watoto wanaruka huku na huku kama bisi.

Siku ya kufunga shule, Siwema, mtoto wa Mama Digidigi, hakuwahi kuruka. Kwato ya Mzee Nyati ikamvunja mguu. Mzee Nyati hata hakugeuka, alikuwa anawahi maji.

Likizo yote Siwema alishinda mlangoni, mguu umefungwa vijiti. Ulipoanza kupona, mama yake akaenda kwa diwani. Hakupiga hata hodi.

"Bi Diwani, shule inafunguliwa Jumatatu. Kama barabara ni ile ile, mwanangu harudi shule. Na si mimi peke yangu, mama wote wamesema hivyo. Shule mtabaki nayo nyinyi madiwani mkasome."

Bi Nguchiro akauacha uji, akaenda mbio kwenye baraza la madiwani.

Sasa sikilizeni kura za huko zilivyopigwa. Mezani paliwekwa kibuyu cha maji. Hoja ikitajwa, wanaoikubali wanakanyaga chini kwa pamoja. Kibuyu kikianguka, hoja imepita. Na mwenyekiti wa Kamati ya Usalama Barabarani ni nani? Mzee Kifaru. Na wajumbe wake? Mzee Nyati na Mzee Ndovu. Msinicheke mimi, sikuwachagua.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Bi Nguchiro, "naomba barabara iwekwe matuta, wazee wetu wapite polepole saa ya watoto kwenda shule."

"Matuta?" akasema Mzee Kifaru. "Nijikwae mimi mbele ya watu? Watoto ndio wafundishwe kutazama barabara. Wanaokubali matuta?"

Bi Nguchiro akakanyaga kwa nguvu zake zote. Tik. Kibuyu hakikujua hata kama kuna kikao.

"Wanaokataa?"

Puuu! Kibuyu chali, maji mpaka kwenye makaratasi.

Bi Nguchiro akafuta maji usoni, akafikiri. Alikuwa anamjua vizuri Mzee Kifaru. Mzee yule, ukitaka kumfurahisha, mwamkie. Alikuwa radhi kupita sokoni mara mbili ili apate shikamoo mara mbili. Mtoto akimpita kimya, atanuna kutwa, na jioni atamfuata mama yake kumshitaki.

"Basi nina jambo lingine," akasema Bi Nguchiro kwa upole. "Nawalalamikia watoto. Adabu imekwisha. Wazee wangu mnapita barabarani kila asubuhi, nani anawaamkia?"

Masikio ya Mzee Kifaru yakasimama. "Hakuna."

"Hata mmoja hakuna," akasema Mzee Nyati. "Wakituona wanakimbia."

"Wanakimbia wasiwaamkie," akasema Bi Nguchiro. "Ni aibu kwa mtaa. Napendekeza watoto wote wasimame kando ya barabara kila asubuhi, wawape wazee shikamoo yao."

"Kwa pamoja, kama kwaya?" akauliza Mzee Kifaru. "Hapana, hapana. Mmoja mmoja. Kila mtoto na shikamoo yake, na jina langu alitaje. Nataka niisikie kila moja."

"Itakuwa hivyo, Mwenyekiti. Ila, mnisamehe, wapo wazee wengine, sisemi nyinyi, mtoto anawaamkia nao wanapita kimya kama viziwi. Mzee wa hivyo tumfanyeje?"

Mzee Kifaru akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mkubwa gani asiyeitikia marahaba? Huyo si mkubwa. Asimame hapo hapo, yeye ndiye amwamkie mtoto. Andika."

"Niandike hivyo hivyo?"

"Kwa wino mzito."

"Mwenyekiti," akanong'ona Mzee Ndovu, "hili jambo tungelala nalo kwanza."

"Heshima hailaliwi, Ndovu. Wanaokubali?"

Puuu! Kibuyu kikaanguka hadi chini ya meza. Bi Nguchiro akauma midomo asicheke, akaandika.

Jumapili alipita nyumba kwa nyumba. Mama Digidigi alimsikiliza amefunga mikono kifuani.

"Yaani ulikwenda kuomba matuta, ukarudi na maamkizi?"

"Mama Siwema, kesho mlete mtoto. Mshike mkono. Ukiona sivyo, mrudishe nyumbani, na mimi udiwani nauacha."

Jumatatu asubuhi watoto walijipanga kando ya barabara kutoka mwanzo wa mtaa hadi karibu na mto: vifaranga wa kanga, sungura, kindi, vitoto vya nyani visivyotulia, na mwisho kabisa Kidawa, mtoto wa panya, kitinda mimba wa ndugu kumi na mmoja. Mama Digidigi alisimama na Siwema upande wa nyumba, mkabala na shule, kamshika mkono mpaka vidole vya mtoto vikafa ganzi.

Tindi! tindi! tindi!

"Shikamoo Mzee Kifaru."

"Marahaba!"

"Shikamoo Mzee Kifaru."

"Marahaba!"

Raha ilioje! Mzee alikuwa anakimbia na tabasamu. Wa tatu, wa nne, wa kumi. "Marahaba-marahaba-marahaba!" Kufika wa ishirini, pumzi inakatika. Hebu jaribuni wenyewe kukimbia huku mnaitikia shikamoo ishirini. Kufika wa arobaini alikuwa anakwenda kama mtu aliyebeba mayai. Mzee Nyati akamgonga nyuma, Mzee Ndovu akamgonga Mzee Nyati, na wote watatu wakawa wanaitikia huku wanahema, hee, hee, hee.

"Wanangu," akasema Mzee Kifaru, "marahabani nyote basi, yatosha."

"Mmoja mmoja, Mwenyekiti," akasema Bi Nguchiro kando yake. "Ulisema unataka uisikie kila moja."

Wakaenda hatua kwa hatua mpaka mto ukaonekana. Hapo Mzee Ndovu akaanza kunyemelea pembeni apite mbele. Mzee Kifaru akaona maji yake safi yanaondoka. Akasahau kila kitu, akatimka.

"Shikamoo Mzee Kifaru," akasema Kidawa.

Mzee alikuwa amekwisha pita.

Piiii! Bi Nguchiro akapiga filimbi.

"Mwenyekiti, umeacha moja."

"Sikumwona."

"Yeye amekuona."

"Basi nitamwitikia kesho."

"Azimio linasema hapo hapo."

"Nani aliyeandika upuuzi huo?"

"Niliandika mimi," akasema Bi Nguchiro, "ulisema wewe."

Nyuma yake Mzee Nyati na Mzee Ndovu wakapata adabu ghafla. "Marahaba, mwanangu," ukawasikia wakisema kwa sauti tamu, "hujambo? Mama hajambo? Umekunywa uji?"

Mzee Kifaru akatazama mtoni. Akatazama watu. Muuza maandazi alikuwa ameacha maandazi yanaungua. Kukataa ni kuvunja neno lake mwenyewe mbele ya mtaa, na mtu wa hivyo nani atamwamkia tena? Akarudi. Akapiga magoti, pua ikagusa vumbi, na pua yenyewe ilikuwa kubwa kumshinda Kidawa.

"Shi..." Akakohoa. "Shikamoo, Kidawa."

Kidawa alishangaa. Tangu azaliwe hajaamkiwa na mtu, hata mdudu. Akaweka mikono kiunoni kama anavyofanya bibi yake.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Nenda polepole, usije ukaumia."

Lo, vicheko! Kanga alicheka mpaka akataga. Mzee Kifaru akainuka, akaenda mguu mmoja, halafu mwingine. Alipofika kwenye mto, maji yalikuwa bado yapo, hayajakimbia kwenda popote.

Na asubuhi ya Jumanne wazee walikuja wakitembea tangu mwanzo wa mtaa. Mkabala na shule Mama Digidigi akamwachia Siwema mkono. Mtoto akaingia barabarani peke yake, anachechemea, wala hana haraka. Alipofika katikati akasimama kabisa, akasema, "Shikamoo Mzee Nyati."

Mzee Nyati akasimama. Akautazama ule mguu. "Marahaba, mwanangu," akasema, na safari hii sauti haikuwa tamu, ilikuwa ya kweli. "Pole. Vuka, nakungoja."

Akavuka. Mama yake akalia pale pale, na Bi Nguchiro akarudi nyumbani kunywa uji wa moto.

Mtaa wa Vichuguu mpaka leo hauna tuta hata moja. Nami sina zaidi, atakayeibeba hadithi hii aibebe bila kukimbia.

Anayependa kuitwa mkubwa, na akubali kwenda mwendo wa mdogo.