Kata ya Kwanza

Asubuhi ya mashindano ya kupika mbege, pombe ya ndizi, Mzee Ngowi mwenye mashamba alimpokonya mpangaji wake Ndeshi mtungi wa pombe mlangoni.

"Ndizi ni za shamba langu, kwa hiyo pombe ni yangu, na mtamba wa zawadi ni wangu. Ukithubutu kusema umepika wewe, unahama kwangu leo leo."

"Sawa, baba," alisema Ndeshi. "Ngoja basi nikubebee."

Uwanjani Ngowi alijigamba mpaka koo likamkauka. Akapewa kata ya kwanza, maana kwao mpishi hunywa mbele ya watu ndipo wengine waguse. Ndeshi akamsogelea sikioni.

"Baba, ile dawa ya kusafisha matumbo ya ng'ombe jana niliiweka kando ya mtungi huu, tena haikuwa na kizibo."

Ngowi aliirudisha kata upesi. "Jamani, nilikuwa natania! Aliyepika ni Ndeshi!"

Ndeshi akaipokea, akainywa yote, akajifuta povu. Waamuzi wakanywa, wakaomba tena.

Ndeshi alipokuwa akimswaga mtamba wake wa zawadi kwenda nyumbani, Ngowi alimzuia njiani. "Na ile dawa?"

"Chupa bado imejaa pomoni, baba. Na aliyesema nimepika mimi ni wewe."