Fisi na Kibali cha Kukimbia

Kibali cha Kukimbia Pasipo Kufukuzwa, Daraja la Pili. Hilo ndilo jina kamili la jambo lililomsimamisha Fisi juani tangu asubuhi, mbele ya kichuguu cha Nyumbu, katibu wa Simba, mwaka ule mvua ilipogoma.

Nchi ilikauka hata panzi wakawa wanatembea kwa miguu. Mito ilibaki majina. Maji yalikuwa katika bwawa moja tu, na bwawa hilo lilikuwa na utaratibu: wakubwa kwanza. Tembo walikunywa, wakaoga. Nyati walikunywa, wakalala humo humo. Zamu ya akina Fisi ilipofika, kilichobaki kilikuwa tope la kukandikia nyumba. Mama Kijungu, mkewe Fisi, alikuwa na watoto wachanga, na maziwa yalianza kumkauka. Kwa hiyo Simba alipotangaza mbio ndefu, kutoka bwawani hadi Jiwe la Nyani na kurudi, na kwamba familia ya mshindi itakunywa ya kwanza kila alfajiri, baada ya Simba mwenyewe, mpaka mvua irudi, Mama Kijungu hakumwuliza mumewe kama anapenda kushiriki. Alimwambia aanze mazoezi kesho.

"Mimi?" alisema Fisi. "Kwa kiuno hiki?"

"Hicho hicho. Umekimbia na mbuzi wa watu maisha yako yote. Sasa kimbia bila mbuzi."

Tatizo lilianza siku ya kwanza tu. Fisi alitoka alfajiri kwa mwendo wake, mabega juu, nyuma kumeinama, kama mtu anayeomba radhi huku anaondoka. Hajafika mbali, swala mmoja akapiga yowe. Akina mama wakahesabu watoto. Nyani wakarusha mawe. Mbwamwitu, ambao hawahitaji sababu, wakamfukuza mpaka korongoni. Siku ya pili ikawa vilevile. Mnyama akimwona Fisi anakimbia hajiulizi ni mazoezi gani. Anajiuliza amebeba nini. Ndipo alipoambiwa akaombe kibali.

"Unakimbia nini?" aliuliza Nyumbu.

"Sikimbii kitu, Ndugu Katibu. Nakimbia tu."

"Nani anakufukuza?"

"Hakuna."

"Umeiba nini?"

"Sijaiba."

Nyumbu alitafuna nyasi kavu kwa muda mrefu. Yeye na ukoo wake huhama nchi nzima kila mwaka bila kuulizana kwa nini, lakini akiwa kazini alitaka sababu. "Fisi anayekimbia bila kufukuzwa na bila kuiba," alisema mwishowe, "huyo ni Daraja la Pili. La Kwanza ni la swala. Njoo kesho."

Fisi alikwenda kesho, na kesho ya kesho. Kibali kilipotoka kilikuwa kipande cha gome la mti chenye alama ya kwato, cha kuning'iniza shingoni. Akakivaa. Swala waliendelea kupiga mayowe, ila sasa walisema, "Fisi huyoo, na gome lake."

Hata hivyo mazoezi yalimwingia mwilini. Kilima kilichomtoa ulimi mwanzoni akawa anakipanda akihema kistaarabu. Tumbo likapanda juu. Tena, jambo ambalo hakumwambia mtu, alianza kuipenda kazi yenyewe: vumbi la asubuhi likiwa bado la baridi, miguu ikijiendea bila kusukumwa. Akawa kero. Yeyote aliyesimama karibu naye alielezwa habari za magoti yake.

"Baba Kijungu," alisema mkewe, "magoti yako tumeyasikia. Lala."

Sungura naye alikuwa amejiandikisha. Hakuonekana akikimbia hata mara moja. Alikaa chini ya kichaka kando ya njia, akigawa ushauri.

"Shemeji, hiyo pumzi unaitoa yote. Weka akiba."

"Na wewe mazoezi yako lini?" aliuliza Fisi.

"Mimi nafanyia kichwani. Huko hakuna vumbi."

Siku ya mbio ikafika. Nyumbu alisoma kanuni mpaka vivuli vikafupika. Kisha Simba akanguruma kuanzisha mbio, akaupenda mngurumo wake, akaurudia. Ule wa pili ulimtoa Mbuni mbio za kweli. Alipita kila mtu, akapita na njia yenyewe, akatokomea porini. Ngiri alikwenda vizuri mpaka aliposimama ghafla, akajiuliza alikuwa anakimbia nini, akakosa jibu, akaanza kuchimba mizizi. Wakabaki Fisi na Sungura.

Walipopita vichaka vya kwanza Sungura alipunguza mwendo, akajishika tumbo. "Tangulia, shemeji. Nachimba dawa kidogo."

Fisi akatangulia. Kuchimba dawa ni haki ya msafiri, na Nyumbu, pamoja na kanuni zake zote, hakuwa ameigusa.

Katikati ya safari alimkuta Kobe njiani. Kobe alikuwa ameteuliwa kuwa Msimamizi wa Kituo cha Kugeukia, pale Jiwe la Nyani, na tangu mwezi uandame alikuwa safarini kwenda kuripoti kazini.

"Shikamoo, Mzee Kobe. Kituo kiko wapi?"

"Marahaba. Kituo ni mimi. Nikifika kitafunguliwa."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Subiri. Au nenda ukageuke kwa imani."

"Sungura hajapita?"

"Leo hapana. Jana alipita akiburuta paja la swala, anaelekea jiweni. Alisema ni sadaka."

Fisi alielewa sadaka ile ilimlenga nani. Aliona yote kama yalivyopangwa: ataketi, atakula, tumbo litamlaza hapo hapo, na Sungura atachukua maji. Aliyaona hayo vizuri sana huku akiongeza mwendo kuelekea kwenye nyama. Kujua hakujawahi kumzuia Fisi.

Paja lilikuwepo chini ya jiwe, limenona. Fisi alilizunguka jiwe kwanza, kwa heshima ya mkewe, kisha akaketi, akafungua kinywa. Tai mmoja akatanda juu. Kisha wakawa kundi. Bweha wawili wakatoka kichakani wakiwa na nyuso za wageni waalikwa.

"Bwana Fisi, za mazoezi?" alisema mmoja. "Mbona unakula hukaribishi?"

Hapo ndipo hesabu ya Sungura ilipoharibika. Alikuwa amepiga hesabu ya ulafi wa Fisi, akasahau uchoyo wake. Kula pale kulimaanisha kugawana, na Fisi alikuwa tayari kupoteza mbio, lakini si mnofu. Alilibana paja kwa meno, akaondoka nalo.

Bweha nyuma, tai juu. Kufika bondeni mbwamwitu nao wakajiunga. Kila alipopita palilia, "Mwizi! Mwizi!" na kibali kikawa kinampigapiga kifuani, kikisema kitu ambacho siku hiyo hakikuwa kweli. Kilima hakukiona. Magoti hakuyakumbuka. Pumzi yote aliyoikusanya miezi ile, akifukuzwa na wasio na sababu, sasa aliitumia kwa wenye sababu.

"Kituo bado," alisema Kobe alipopitwa. Fisi alikuwa na mdomo uliojaa.

Alipofika bwawani, wafukuzaji walimwona Simba wakakumbuka shughuli nyingine. Lakini Sungura alikuwa ameshafika. Alikuwa amelala kivulini, anahema, ameloa kuanzia masikio hadi mkia, na Simba alikuwa ameshampongeza mbele ya wanyama wote. Fisi aliweka paja chini, akalikanyaga lisiende popote.

"Huyu hakufika jiweni," alisema. "Aliingia kichakani kuchimba dawa, sikumwona tena."

"Mzee," alisema Sungura kwa sauti ya mgonjwa, "anayesema hivyo ni Fisi, na ana nyama ambayo hakuondoka nayo. Mimi tazama jasho langu. Mwongo hatoki jasho hivi."

Jasho lilikuwa jingi kweli.

"Shahidi wako nani?" Simba alimwuliza Fisi.

"Mzee Kobe."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

Umati ulicheka mpaka ukakohoa vumbi. Fisi alimtafuta mkewe kwa macho. Mama Kijungu alikuwa amesimama pembeni na watoto miguuni pake. Watoto walikuwa kimya, na ukimya ule haukuwa wa adabu. Fisi aliona aibu kwamba alikuwa bado amelikanyaga paja. Hata hivyo hakutoa mguu.

Sasa Nyati, mkuu wa walinzi wa bwawa, alikuwa hajaonja chumvi tangu vumbi lifukie magadi wanayolamba. Kwa muda wote huo alikuwa anamtazama Sungura kama mlevi anavyotazama mtungi.

"Mzee," alisema, "naona jasho lile linapotea bure." Kabla hajajibiwa, ulimi wake ulikuwa umempitia Sungura kutoka mkia hadi masikio.

Akalamba tena, polepole, kama hakimu.

"Hamna chumvi," alisema.

"Mimi jasho langu tamu," alisema Sungura. "Ni la upande wa mama."

Nyati alimgeukia Fisi, akamlamba bega, akafumba macho. "Hili ndilo jasho. Na mengine yaliyomo humu sitaki kuyajua." Akarudi kwa Sungura. "Yako ni maji ya bwawa, ya upande wa magugu. Mimi nalala humo, siwezi kukosea. Umechota maji tunayoyalinda, ukajimwagia."

Hakuna aliyecheka. Kwa kiu ile wangeweza kusamehe mbio, hata wangezisifu kama ujanja. Maji yaliyomwagwa juu ya manyoya hawakuweza. Walisogea karibu, na Sungura akaanza kukauka mbele ya macho yao, bila hata alama nyeupe ya chumvi mwilini.

Ikabaki shida ya Simba. Alikuwa ameshatoa pongezi, na Simba hakosei. Wote wakamtazama Nyumbu.

"Mtukufu hakukosea," alisema Nyumbu, ambaye ukatibu ulikuwa umemkomaza. "Pongezi zilitolewa mapema kwa mshindi aliyekuwa bado njiani. Sungura alizipokea kwa niaba."

"Ndivyo nilivyokusudia," alisema Simba.

Sungura alipangiwa kunywa wa mwisho, baada ya tembo kuoga, mpaka mvua irudi. Taarifa rasmi ya Nyumbu ilieleza kwamba mbio zilifana, kituo kilifanya kazi kama kilivyopangwa, na washiriki wote walirejea salama. Fisi alikula paja lote peke yake, isipokuwa mfupa aliompa Kijungu, mwanawe wa kwanza, baada ya mkewe kumtazama. Alfajiri iliyofuata Mama Kijungu alikunywa maji safi kabla ya tembo, na jua lilipofika utosini watoto walikuwa wananyonya.