Kwa Nini Punje za Mahindi Husimama kwa Safu

Zamani hizo mahindi hayakuwa na adabu. Punje zilijazana kwenye gunzi ovyo ovyo, hii imeikalia ile kichwani, na watu walizihesabu vivyo hivyo: moja, mbili, tatu, mpaka ulimi unakauka.

Katika kijiji cha Mbangali mbegu zote ziliwekwa ghala moja. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila nyumba ilihesabiwa punje arobaini na nane. Mhesabuji alikuwa Mzee Luhende, mtu wa heshima kupita kiasi. Mpita njia akimwamkia tu, mzee aliacha kazi, akauliza habari za watoto, za mbuzi, za goti lililokuwa likiuma. Akirudi kwenye mbegu, hesabu imeshampotea, anaanza upya. Na watu walimsubiri, eti ndiyo adabu!

Adabu hiyo ilimtia hasara Sikudhani, mjane mwenye mabinti wawili. Mwaka uliopita zamu yake ilimfikia mvua imeshakatika. Mbegu zilikauka ardhini, njaa ikaingia, na mdogo, Kibibi, akafa. Watu walimpa pole. Sikudhani hakutaka pole yao; alikuwa na hasira, na alikaa nayo mwaka mzima.

Mvua iliporudi akaenda ghalani na Mwantumu, binti aliyebaki. Mzee alikuwa amefika punje thelathini na tisa jirani mmoja alipopita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mbuzi..."

"Basi!" Sikudhani alifoka hata kuku wakatawanyika. "Salamu zenu zimeniulia mtoto!"

Akampokonya mzee ungo, akamwaga mbegu mkekani. Akapanga punje sita kwa mstari mmoja, na sita nyingine kando yake. "Kila mstari na mwenzake," akasema kwa uchungu, "maana Mwantumu wangu hana tena." Akapanga hivyo, miwili miwili, mpaka ikatimia mistari minane.

"Mwanangu, hesabu mistari, achana na punje."

"Sita," mtoto akaanza. "Kumi na mbili. Kumi na nane..."

"Na mtu akiamkia?" Mzee Luhende akauliza, kichwa chini.

"Aitikiwe! Mistari haiendi popote."

Jirani akamwamkia mtoto kwa makusudi. Mwantumu akaitikia, akauliza hata habari za mbuzi, kisha akageuka. Mistari ilikuwa pale pale. "Sita mara nane, mama. Arobaini na nane!"

Siku ile kila nyumba ilipanda kabla jua halijatua. Punje nazo zilikuwa zimesikia ukali wote ule, zikaingia ardhini zinaogopa.

Na tangu siku hiyo mahindi hubeba punje zake kwa safu, kila safu na mwenzake. Menya hindi uhesabu safu zake: hutapata saba, hutapata tisa. Hakuna safu inayothubutu kusimama peke yake mbele ya Sikudhani.